Vumbi kwenye modeli zilizopakwa rangi: brashi kwanza, maji mwisho

Wanaoniletea modeli zao (vile vinyago vidogo vya askari, magari au meli vilivyopakwa rangi kwa mkono) kusafishwa huuliza swali moja karibu wote: wanunue dawa gani ya kuondoa vumbi? Mara nyingi hawahitaji dawa yoyote. Wanahitaji brashi laini, mkono mwepesi, na kujua kuna nini chini ya hilo vumbi. Modeli iliyokaa kabatini miaka mingi bila kuguswa huwa na sura mbaya lakini rangi yake ni nzima. Zile zilizochubuka pua, zilizopoteza ncha ya upanga au zenye mabaka yanayong'aa mabegani, karibu kila mara ziliumizwa siku ya kusafishwa.

Sababu iko ndani ya vumbi lenyewe. Vumbi la nyumbani ni mchanganyiko wa nyuzi za nguo na mazulia, magamba ya ngozi, chavua, masizi, na chembe za udongo na mchanga. Nyuzi hazina neno, zinaudhi macho tu. Chembe za mchanga ndizo za kuogopa, maana kwatzi, madini yaliyomo kwa wingi kwenye mchanga, ni ngumu kuliko chuma cha kisu cha kawaida, seuze tabaka la rangi jembamba kuliko karatasi. Ukipitisha kitambaa kwa kukandamiza unazikokota chembe hizo juu ya rangi kama msasa.

Rangi za akriliki, ambazo ndizo wengi tunazotumia, zikikauka huwa plastiki laini. Chumba kikipata joto hulainika zaidi na vumbi lililotua juu yake huanza kuzama. Unyevunyevu nao hulifanya vumbi ligande. Ndiyo maana vumbi la wiki chache huondoka kwa mpapaso mmoja wa brashi, ilhali la miaka hung'ang'ania hata ukilibembeleza.

Halafu kuna vanishi. Ile isiyong'aa hupata sifa hiyo kutokana na unga laini sana, aghalabu wa silika, unaouacha uso ukiwa na vinundu visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukipiga hapo hutawanyika, nasi tunaona uso uliofifia vizuri. Lakini uso wa namna hiyo hunasa vumbi kuliko ule unaong'aa, na ukiusugua vinundu vyake hulainika. Baka la kung'aa linalobaki halifutiki tena kwa kusafisha. Dawa yake ni kupaka vanishi upya.

Kwa hiyo, kabla sijagusa kitu, naiweka modeli chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni na kuikagua. Natafuta vipande vilivyolegea, stika zilizoanza kuinuka kingo, na sehemu zilizopakwa poda za kuigiza kutu, matope au moshi. Poda hizo mara nyingi hazijafunikwa kwa vanishi, na brashi haijui kutofautisha vumbi ulilochoka nalo na vumbi uliloliweka mwenyewe kwa makusudi. Sehemu kama hizo nazipulizia hewa kidogo tu, basi.

Wenye modeli za zamani za risasi, ile metali laini na nzito, nawaomba wasimame hapa kidogo. Ukiona unga mweupe au wa kijivu unaochomoza kwenye nyufa za rangi au chini ya miguu ya modeli, usiuchukulie kuwa ni vumbi. Ni risasi inayoliwa, na unga huo ni sumu. Usiupulize, usiupige brashi kavu, na usiufyonze kwa mashine ya nyumbani, ambayo itautawanya chumba kizima. Vaa glavu na barakoa ya kuzuia chembe laini, ufute kwa karatasi yenye unyevu kidogo, uitupe ikiwa imefungwa, kisha uitenge modeli hiyo na nyingine na uiweke mbali na watoto. Baada ya hapo litazame kabati. Mbao nyingi, hasa mwaloni na mbao za unga wa kushindiliwa, hutoa mvuke wa asidi ya siki, na mvuke huo ukifungiwa ndani na risasi ndio huanzisha uozo. Kabati la kioo na chuma ni salama zaidi. Ukisafisha ukairudisha kulekule, unga utarudi.

Sasa kazi yenyewe. Napenda brashi pana ya manyoya ya mbuzi au kindi. Brashi kubwa ya kupakia poda usoni inafaa pia, mradi ni mpya. Iliyowahi kutumika ina mafuta, na mafuta hayo yatahamia kwenye rangi. Shingo ya chuma ya brashi naizungushia utepe laini, kwani ndiyo inayogonga na kukwaruza wakati akili yako yote iko kwenye manyoya. Modeli ishikwe kwenye kitako chake. Kidole kimoja cha mkono ulioishika kiegemeze sehemu nyembamba iliyo karibu na unapopitisha brashi: mkuki, bomba la mzinga, mlingoti. Rezini, ile plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu, hasa, ni ngumu lakini haipindi, inavunjika.

Anza juu ushuke chini, kwa mipapaso mifupi inayoinuka mwishoni. Lengo ni kulirusha vumbi litoke, kwa hiyo lisipewe nafasi ya kuzunguka na kutua mahali pengine. Mimi huweka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, kwa nguvu yake ndogo kabisa, upana wa kiganja kutoka kwenye modeli, nikiwa nimeufunika kwa soksi nyembamba ya nailoni iliyofungwa kwa mpira. Kipande kikichomoka hunaswa na soksi, nami nakiokota na kukigundisha. Bila soksi utakuwa unachakura mfuko wa mashine ukitafuta mkono wenye ukubwa wa punje ya mchele.

Kwenye mikunjo na makwapa, kipulizio cha mpira kile cha wapiga picha kinatosha. Makopo ya hewa iliyobanwa siyapendi: ukiyainamisha hutoa kimiminika baridi sana kinachoacha alama kwenye rangi, na mara nyingi msukumo wake unazidi unaohitajika. Mwenye brashi ya hewa ya kupakia rangi anaweza kuitumia tupu, bila rangi, kwa shinikizo lisilozidi baa 1, iwapo ina kichujio cha maji. Kupuliza kwa mdomo ni tabia tuliyo nayo sote, na huacha vitone vya mate.

Ajabu ni kwamba mate yenyewe si kisafishaji kibaya. Wahifadhi wa sanaa wameyatumia tangu zamani kwa kulowanisha kijiti cha pamba, na kimeng'enya cha amilasi kilichomo husaidia kulegeza uchafu. Watafiti wa Kireno Paula Romão, Adília Alarcão na César Viana walilipima jambo hilo, na mwaka 2018 kazi yao ikapewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, tuzo ya utani kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha kufikirisha. Tofauti ni kwamba mhifadhi huyapitisha kwa pamba, mahali anapopajua, kisha huyaondoa.

Maji nayaacha hadi brashi ishindwe. Kwa kawaida hushindwa pale vumbi lilipochanganyika na mafuta ya jikoni au moshi wa sigara likawa utando unaonata. Chagua mahali pasipoonekana, tuseme chini ya joho au ndani ya gurudumu, halafu uviringishe juu yake kijiti cha pamba kilicholowana kidogo. Nimesema uviringishe. Kusugua huku na huko kunaurudisha uchafu ulioushika mwanzo na kuukokota juu ya rangi. Pamba ikitoka na kijivu, endelea. Ikitoka na nyekundu au bluu, kazi ya maji imeishia hapo.

Mchanganyiko wangu ni maji vuguvugu yaliyokenekwa, yasiyoacha madoa ya chokaa, na tone moja au mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo katika bakuli zima. Viringisha kijiti, kitupe, chukua kipya, na upitishe kingine chenye maji matupu ili sabuni isibaki, maana sabuni iliyobaki hunasa vumbi jipya. Kausha kwa kipulizio na hewa ya kawaida ya chumba. Mashine ya kukausha nywele ina joto la kuupinda upanga wa rezini.

Kuzamisha modeli nzima nakuruhusu pale tu ambapo ni plastiki au chuma, imepakwa vanishi kila mahali, na kitako chake hakina mchanga wala nyasi za bandia. Vitu hivyo mara nyingi vimeshikwa na gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikilowa hulegea na kugeuka rangi ya maziwa. Viungo vya supagluu navyo havipendi kukaa majini.

Spiriti usiiguse kabisa, kwa kuwa ndiyo watu wanayoitumia kubandua rangi ya akriliki wanapotaka kuanza upya. Kisafisha vioo chenye amonia ni hivyohivyo. Na vitambaa vya kufutia watoto, vinavyoonekana vipole, huwa na manukato na losheni zinazobaki juu ya rangi.

Ukishamaliza usiipanguse plastiki kwa kitambaa kikavu ili ipendeze. Msuguo huo unazalisha umeme tuli, na kabla jioni haijaingia modeli itakuwa imevuta vumbi zaidi ya jirani zake. Irudishe kabatini na ufunge mlango; kama kati ya vioo kuna upenyo, kamba ya sponji ya kubandika itauziba.

Wengine hutaka kumalizia kwa vanishi mpya. Ni sawa, ila ukague tena chini ya taa ya ubavuni kabla ya kupulizia, kwa sababu unyuzi mmoja ukifunikwa na vanishi hautoki bila kuing'oa rangi. Modeli za kuchezewa nazipaka kwanza tabaka linalong'aa, ambalo ni gumu zaidi, kisha juu yake tabaka jembamba lisilong'aa. Na kama siku hiyo hewa ina unyevu mwingi, ahirisha: vanishi ya kopo isiyong'aa ikipuliziwa kwenye unyevu huweza kukauka na ukungu mweupe, nawe ukadhani vumbi limerudi.