Spika za studio zinazovuma: dhana potofu na ukweli wake

Spika za studio zikianza kuvuma, lawama ya kwanza inaiangukia spika yenyewe. Mtu anaiuza kwa hasara, ananunua nyingine, anaichomeka palepale, na mvumo uko vilevile. Spika yenye amplifaya ndani hukuza kila kinachoingia kwenye kebo yake, kiwe sauti ya kinanda au uchafu wa umeme, na mara nyingi uchafu huo umeingilia njiani, kati ya kompyuta na spika.

Kwa hiyo kabla hujamsikiliza yeyote, zima spika, chomoa kebo ya sauti mgongoni mwake, kisha iwashe ikiwa na waya wa umeme peke yake. Ikinyamaza, spika ni nzima. Tafuta huko ilikokuwa imeunganishwa. Ikiendelea kuvuma, tatizo ni lake, nalo nimeliweka mwishoni.

"Kata pini ya ethi, mvumo utaisha"

Naanza na hii kwa sababu inaweza kuua. Imeenea kwa kuwa mara nyingi mvumo huisha kweli, na aliyesikia kwa masikio yake umekwisha ni vigumu kumwambia kwamba amejitegea mtego.

Kinachotokea ni hiki. Spika ina ethi yake, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, kupitia plagi. Kompyuta ya mezani nayo ina ya kwake. Halafu unaziunganisha tena kwa kebo ya sauti, ambayo wavu wake wa nje nao ni njia ya ethi. Sasa vifaa viwili vimekutana mara mbili: kwa nyaya za ukutani na kwa kebo ya sauti, na njia hizo mbili zimefunga duara. Ethi ya soketi moja na ya nyingine hazilingani sawasawa, na tofauti ya milivolti chache inatosha kusukuma mkondo kwenye wavu wa kebo. Spika haijui kuwa huo si muziki. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa Hz 50, kwa hiyo utasikia Hz 50 na marudufu yake: 100, 150 na kuendelea. Ukiwa na kinanda karibu, pima mwenyewe: G ya chini kabisa kwenye piano ya funguo 88 ni Hz 49, na mvumo utaukuta juu yake kidogo tu.

Ukikata pini, duara linakatika na kimya kinarudi. Lakini pini ile iliwekwa ili waya wenye moto ukilegea ndani na kugusa bodi ya chuma, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike papo hapo. Bila pini, fyuzi haikatiki. Bodi inabaki na volti 230, na kwa kupitia wavu wa kebo volti hizo zinaweza kufika kwenye saundi kadi, kwenye nyuzi za gitaa, hadi kwenye maikrofoni. Fikiria anayerekodi: mkono mmoja uko kwenye nyuzi, midomo imegusa wavu wa chuma wa maikrofoni. Huyo ndiye atakayelipia kimya chako.

Mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie ni ndugu wa hatari hiyohiyo. Spika zilizotengenezwa bila ethi zipo, zina alama ya mraba ndani ya mraba mgongoni, nazo ni salama zilivyo, mradi zichomekwe kwa adapta inayofaa. Iliyokuja na pini tatu itumie zote tatu.

Duara likatwe upande wa sauti, ambako hakuna wa kuumia. Njia ya kwanza ni kebo za balansi, nitakazozieleza hapa chini. Ya pili ni kisanduku chenye transfoma ya sauti, ambacho hupitisha muziki bila kuunganisha ethi za pande mbili. Vile vya bei rahisi mno hupunguza besi, kwa hiyo sikiliza kabla hujanunua. Ya tatu, kwa anayejua kuunganisha nyaya kwa soda (risasi ya kuyeyusha), ni kuukata wavu upande mmoja wa kebo ya balansi, upande unaoingia kwenye spika.

"Soketi zangu zina matundu matatu, kwa hiyo nyumba ina ethi"

Tundu la tatu ni plastiki. Nyuma yake huenda kuna waya ulioshuka hadi kwenye nondo ya shaba ardhini, na huenda hakuna kitu. Nyumba za zamani za kupanga, na fremu za biashara zilizogeuzwa studio, mara nyingi zina nyaya mbili tu. Ekstensheni nazo hudanganya: zipo zenye matundu matatu juu na kebo ya nyaya mbili ndani.

Dalili yake inajulikana. Ukigusa kava la chuma la saundi kadi unahisi vidole vinachonyota, au mvumo unapungua mkono ukiwa juu yake na unarudi ukiuondoa. Hapo mwili wako ndio umekuwa ethi. Usiendelee kupima kwa vidole. Mwite fundi umeme aje na kipimo, akague soketi, ekstensheni na nondo ya nje. Katika nyumba ya namna hii unaweza kubadilisha kebo mwaka mzima usione nafuu.

"Kila kifaa kiwe na soketi yake"

Ni kinyume. Soketi zilizo mbali ndizo zenye ethi zinazotofautiana zaidi, na duara linalotokea ni kubwa zaidi. Chomeka spika zote mbili, kompyuta, saundi kadi na mikisa kwenye ekstensheni moja nzuri, kutoka soketi moja. Watu huhofia itazidiwa. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 hubeba karibu wati 3,000, na studio ya chumbani yenye spika za inchi tano haifiki karibu na hapo. Pasi, birika na friji ndivyo vipelekwe kwingine.

"Nunua kebo ya bei, yenye ncha za dhahabu"

Dhahabu huzuia kutu, basi. Haizuii mvumo. Kinachoamua ni idadi ya njia zilizo ndani ya kebo, na hilo unaliona kwa macho ukiigeuza jeki mkononi. Ikiwa na mstari mmoja mweusi karibu na ncha, ni TS: ishara inapita kwenye waya mmoja, na wavu ndio njia yake ya kurudi, kwa hiyo uchafu wowote wa kwenye wavu unachanganyika na muziki. Ikiwa na mistari miwili, ni TRS: ishara inapita kwenye nyaya mbili, wa pili ukiwa kinyume cha wa kwanza. Uchafu unaziingia zote mbili kwa pamoja, na spika, kwa kuwa inasoma tofauti kati ya waya na waya, inaufuta. XLR, yenye plagi ya duara ya pini tatu, hufanya hivyohivyo. Hizi ndizo kebo za balansi.

Sharti ni kwamba pande zote mbili ziwe za balansi. Matundu ya nyuma ya saundi kadi ya Scarlett 2i2 ni ya balansi, na spika ya Yamaha HS5 ina tundu la XLR na la TRS. Ukiviunganisha kwa kebo ya gitaa umeitupa kinga uliyokwisha kuilipia. Studio nyingi zinazovuma hapa kwetu nadhani zingenyamaza kwa kebo mbili za TRS za bei ya kawaida. Ila kama sauti inatoka kwenye tundu la hedifoni la laptop, TRS haisaidii. Hapo tumia saundi kadi au kisanduku cha transfoma.

"Laptop yangu ni mbovu, ikiwa kwenye chaji spika zinakwaruza"

Laptop ni nzima. Chaja yake huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na sehemu ya takataka hiyo hupita kwenye USB hadi kwenye saundi kadi. Kelele za ndani ya kompyuta nazo hupita njia hiyohiyo, ndiyo maana wakati mwingine unasikia mlio ukibadilika unaposogeza mausi. Chomoa chaja, tumia betri: mlio ukikatika, umempata mhusika. Kebo za balansi humaliza tatizo hili mara nyingi. Vitenganishi vya USB vipo, lakini vingi vya bei nafuu vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, na saundi kadi nyingi za leo zinahitaji zaidi.

Stabilaiza na inveta

Stabilaiza hulinda vifaa dhidi ya volti inayopanda na kushuka, na kwa umeme wetu ni kifaa cha maana. Duara la ethi hailigusi. Inveta ya sola isiyotoa wimbi safi, yaani umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini kama wa gridi, inaweza hata kuleta mkwaruzo ambao haukuwepo; ukitumia sola studio, uliza kuhusu wimbi kabla ya kuuliza wati.

Shhh nyembamba inayosikika ukisogeza sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, si ugonjwa. Ni kelele ya amplifaya yenyewe. Punguza kitufe cha mgongoni mwa spika, ongeza sauti kwenye saundi kadi, nayo mara nyingi itapungua. Ule mlio wa ti-ti-ti kabla simu haijaita nao si wa spika: simu iliyo kwenye 2G hurusha mawimbi mara 217 hivi kwa sekunde. Isogeze mbali na kebo.

"Spika ikivuma yenyewe, ndiyo imekufa"

Sasa turudi kwa spika iliyoendelea kuvuma bila kebo ya sauti. Weka sikio nyuma ya boksi. Kama mvumo unatoka kwenye boksi na si kwenye koni, transfoma ndiyo inayotetemeka. Hukera, lakini haupiti kwenye njia ya sauti. Kama unatoka kwenye koni, ni mzito wa Hz 100, na haubadiliki ukizungusha kitufe cha sauti, kapasita za sehemu ya umeme, vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji, zimechoka. Joto huzikausha, na chumba kisicho na feni huziwahisha.

Spika hiyo inatengenezeka, na vipuri vyake si ghali. Mwambie fundi mambo mawili uliyoyaona: inavuma bila kebo ya sauti, na kitufe hakiubadilishi mvumo. Atajua pa kuanzia. Kapasita mpya ziwe na mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na ziwe zilizoandikwa nyuzi 105. Wewe usifungue: kapasita hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.