Mshono wa kusimama kwa MIG: dhana zinazoangusha kazi

MIG ni uchomeleaji ambao tochi (mkono wa mashine) hulisha waya yenyewe, huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka. Mshono wa kusimama huchomelewa wima, ama kwa kupandisha (kutoka chini kwenda juu) ama kwa kuteremsha (kutoka juu kwenda chini).

"Kupandisha au kuteremsha ni mapenzi ya fundi, mradi mshono upendeze."

Si kweli, na kati ya dhana zote hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Anayeanza juu akashuka humaliza haraka, na mshono wake hutoka bapa na laini. Kasoro iko ndani. Chuma kilichoyeyuka huvutwa chini na uzito wake. Ukishuka nacho, kinautangulia moto na kulifunika bamba kabla halijayeyuka, kwa hiyo moto unachemsha dimbwi la chuma hicho badala ya kuchimba bamba. Mshono unalala juu ya chuma bila kushikana nacho.

Kuteremsha kuna mahali pake. Skwea paipu ya milimita 1.5 ya grili za dirisha huteremshwa, maana ukipandisha utaitoboa. Elekeza ncha ya tochi juu kidogo, nyuzi 10 hadi 15, na moto ukae ukingo wa mbele wa dimbwi muda wote. Dimbwi likiupita moto, ongeza mwendo. Kikomo kinachofaa ni kama milimita 3. Zaidi ya hapo, kwa mfano nguzo ya geti, engo ya milimita 5, au stendi ya tenki la lita 1,000 ambalo likijaa lina maji ya tani nzima, panda.

Anayebisha afanye jaribio hili. Kata vipande viwili vya bamba la milimita 6, urefu milimita 100. Visimamishe kwa umbo la T, uchomelee upande mmoja tu kwa kuteremsha. Kikipoa, gonga bamba lililosimama kwa nyundo liinamie upande wenye mshono, ili mzizi, yaani kona ya ndani ya mshono, ufunguke. Mshono ukibanduka na alama za grenda ulizoacha ukisafisha bado zinaonekana kwenye bamba, hapo hapakuwa na muungano. Rudia kwa kupandisha ulinganishe.

"Kupanda kunataka moto mkali zaidi."

Kinyume chake. Ukipanda unakwenda polepole, na joto linarundikana mahali pamoja. Mipangilio uliyotumia kazi ikiwa imelala mezani itamwaga dimbwi. Punguza kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa waya ya milimita 0.8 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi kwenye bamba la milimita 6, anza na volti 18 na waya mita 5 kwa dakika, yaani karibu ampia 100, kisha rekebisha kidogo kidogo. Ukitumia kaboni dayoksaidi tupu, volti hupanda kwa moja au mbili. Sikiliza pia: mlio sahihi ni wa kukaanga, mfululizo na mkavu. Ukisikia waya inagonga bamba na kuisukuma tochi, volti ni ndogo kwa mwendo huo wa waya.

Ila usishushe kupita kiasi kwa hofu ya kumwagika, utarudi kwenye ugonjwa wa mshono usioshika.

"Siri iko kwenye madoido ya mkono."

Siri iko kwenye kutulia. Chora pembetatu ndogo au V iliyopinduliwa, yoyote utakayoizoea. Kinachobeba kazi ni kutulia pembeni, kama nusu sekunde hadi sekunde nzima, halafu kuvuka katikati upesi. Katikati pana joto tayari, na ukikawia hapo mshono unavimba tumbo. Usipotulia pembeni, moto unachimba mfereji ukingoni na chuma hakipati muda wa kuujaza. Mfereji huo ndio mahali ufa huanzia. Tochi ielekee juu nyuzi 5 hadi 10 tu, waya itokeze milimita 10 hadi 12 kutoka ncha ya shaba. Tengeneza kirafu kidogo chini kwanza, kisha kila tabaka liketi juu ya lililotangulia.

"Ukiona matundu, fungua gesi zaidi."

Lita 12 hadi 15 kwa dakika zinatosha. Ukifungua mno, gesi inatoka kwa msukosuko na kuvuta hewa ndani yake, na matundu yanaongezeka. Dar es Salaam adui mkubwa ni upepo wa baharini wa mchana. Upepo unaotikisa majani tu unaweza kuifukuza gesi. Ziba upande upepo unakotoka kwa bati au mabamba. Turubai la plastiki lisikaribie cheche. Kisha safisha nozeli, kikombe cha mbele ya tochi kinachotoa gesi, maana ukichomelea wima cheche hurudi na kuganda mdomoni mwake. Kagua na mpira wa gesi kama umepasuka. Kutu, rangi na mafuta navyo huleta matundu, kwa hiyo piga grenda hadi chuma king'ae, sentimita 2 kila upande.

"Tabaka la juu litafunika makosa ya chini."

Halifunikii kitu. Penye tundu au mfereji, kata kwa grenda hadi chuma kizima ndipo uchomelee tena.

"Mashine imechoka."

Huenda ni kebo. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita 1.5 za mraba, mashine ikivuta ampia 20, inapoteza karibu volti 14 njiani. Umeme wa volti 230 unafika mashineni ukiwa 216, na kama laini ya mtaa imeshuka jioni, unafika chini zaidi. Moto unalegea katikati ya mshono na fundi analaumu mkono wake. Kebo ya milimita 4 za mraba kwa urefu uleule hupoteza kama volti 5 na nusu. Ikunjue yote kabla ya kuwasha, maana kebo iliyoviringishwa huchemka hadi ganda kuyeyuka.