Je, wajua kwa nini gripu mbili za skuta hazilingani?

Ukinunua gripu mpya za skuta, yaani ile mipira miwili ya kushikia usukani, zichungulie ndani kabla ya kuzivisha. Tundu la moja ni pana kuliko la nyingine, na kiwanda hakikukosea. Usukani wa skuta nyingi ni bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 22. Kushoto mpira huvaa moja kwa moja juu ya chuma hicho. Kulia kuna eksileta: bomba jembamba la plastiki linalozunguka juu ya chuma na kuvuta waya, na mpira huvaa juu ya plastiki, ambayo huongeza kipenyo hadi karibu milimita 25. Vespa za zamani zenye gia za mkononi zina mpangilio wake, maana kushoto nako kunazunguka. Hizo zipime kwanza kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo.

Mpira hushika kwa kubana, ndiyo maana tundu lake huwa dogo kidogo kuliko bomba. Wa kulia ukivishwa kushoto utacheza. Wa kushoto ukilazimishwa kulia huweza kuiminya plastiki hadi eksileta iwe nzito.

Jua, jasho na mafuta ya ngozi huufanya mpira ukauke na kupasuka, au ulainike na kuanza kunata. Ushike kwa nguvu, uzungushe: ukiteleza hata kidogo, wakati wake umekwisha.

Zima injini, kisha fungua vizito vya ncha za usukani kama vipo. Gripu ya kushoto unayoitupa ichane kwa kisu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya kulia usiichane hivyo, kwa sababu kisu kikizama kitakata plastiki ya eksileta. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya ukingo wa mpira, nyunyizia spiriti, zungusha huku unavuta. Mwenye kompresa apulize hewa chini ya ukingo huo. Mpira hutanuka na kuchomoka wenyewe.

Kwangua gundi kuukuu yote, na kama chuma kina kutu kipitishe msasa laini. Futa kwa spiriti. Mafuta ya aina yoyote, grisi ikiwamo, yasiguse hapo kabisa. Maji ya sabuni hutumiwa na wengi, lakini hunaswa ndani, mpira ukabaki unateleza kwa siku kadhaa na chuma kikaanza kutu. Spiriti hurahisisha kuingiza kisha hukauka.

Ukitumia gundi ya gripu, paka utando mwembamba na usukume mpira kwa mwendo mmoja huku unauzungusha. Ukisita katikati, gundi itashika na mpira utabaki nusu njia. Upande wa kulia acha ncha zote mbili za plastiki bila gundi. Ikipenya kati ya plastiki na chuma, eksileta itaganda, na hilo ni hatari kubwa kwenye skuta isiyo na gia: klachi yake hujishika yenyewe injini inapokimbia, hakuna mkono wa klachi wa kukata nguvu ghafla.

Kwa sababu hiyohiyo, acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya mpira wa kulia na kasha la swichi. Ncha ya nje nayo isikwaruze kizito wala kusukumwa hadi ikagandamiza mwisho wa usukani. Kosa hili hutokea mara nyingi, na huwezi kuliona kwa kutazama tu mpira umekaa vizuri.

Lijaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, fungua eksileta hadi mwisho, achia. Lazima irudi yenyewe kwa kishindo kidogo. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Kwenye skuta nyingi eksileta huwa na mchezo wa milimita 2 hadi 6 ukingoni mwa gripu kabla ya kuanza kuvuta waya. Mwisho simamisha skuta kwa stendi kuu, washa injini, zungusha usukani pande zote mbili bila kugusa eksileta. Mngurumo ukipanda, waya umevutika au umebanwa. Usiendeshe kabla ya kuurekebisha. Gundi iache ikauke usiku mzima.