Kunyoosha misuli siyo kupasha mwili moto

Katika vipindi vingi vya michezo shuleni, wanafunzi hupangwa mistari, huinama kushika vidole vya miguu, huhesabu hadi 20, kisha huachiwa mpira. Inaaminika kwamba hapo wamekingwa na majeraha. Sivyo. Kuvuta msuli uliopoa huku umesimama tuli hakuupashi moto. Na ukiushikilia zaidi ya sekunde 60, nguvu ya kuruka na kukimbia hupungua kwa muda.

Kinachofaa ni mwendo. Katika kipindi cha dakika 40, tenga 8: dakika 3 za kukimbia polepole, kisha kuinua magoti, kurusha miguu mbele na nyuma, kuchuchumaa mara 10. Malizia kwa mbio za mita 15 mara tatu, kila moja kwa kasi zaidi. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa sana, nayo ndiyo muhimu kuliko zote: mtoto akichomoka ghafla kwa kasi yake yote, msuli wa nyuma ya paja unaweza kuchanika. Mtazame pia anapotua baada ya kuruka. Magoti yapinde, yasiingie ndani.

Kunyoosha kuweke mwisho wa kipindi, sekunde 30 kila msuli, bila kudundadunda.