Ule mchoro wa atomu ubaoni

Karibu kila aliyepita darasa la sayansi amewahi kuuchora: kidoti katikati, yaani kiini, miduara miwili mitatu, na vinukta juu ya miduara, yaani elektroni. Kwa kuhesabu elektroni unafaa sana, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza tunapodhani ndiyo sura ya atomu.

Dhana: Elektroni huzunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua.

Ukweli: Kwa fizikia ya zamani, kitu chenye chaji kikizunguka hutoa mionzi na kupoteza nishati. Elektroni ya haidrojeni ingedumbukia kwenye kiini kabla hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde haijaisha, na hapo si mimi wala wewe tungekuwapo. Mwaka 1913 mwanafizikia Niels Bohr alijaribu kuziba tundu hilo kwa kuziwekea elektroni njia maalumu. Miduara ya ubaoni inatoka huko. Mwaka 1926 mwanafizikia mwingine, Erwin Schrödinger, akaja na mlinganyo uliozifuta njia hizo. Kilichobaki ni uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale, mzito karibu na kiini, ukififia kadiri unavyotoka nje, mfano wa moshi wa ubani chumbani. Tena haidrojeni ikiwa imetulia katika nishati yake ya chini kabisa, kipimo cha mzunguko wa elektroni yake ni sifuri. Haizunguki!

Dhana: Kiini huchukua sehemu kubwa ya atomu.

Ukweli: Daftari halina nafasi ya kusema kweli hapa. Chukua punje ya ulezi, iweke katikati ya uwanja wa mpira: ikiwa hiyo ndiyo kiini cha haidrojeni, atomu nzima ina upana wa karibu mita 90. Na bado karibu uzito wote umo ndani ya ile punje, maana protoni moja, chembe ya kiini yenye chaji chanya, ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Ndiyo sababu Hans Geiger na Ernest Marsden, walipozirusha chembe za alfa (chembe nzito zenye chaji chanya) kwenye bamba jembamba la metali kule Manchester mwaka 1909, waliona nyingi zinapenya na chache mno zinarudi zilikotoka. Mwanafizikia Ernest Rutherford akaeleza maana yake mwaka 1911.

Dhana: Basi atomu ni tupu.

Ukweli: Wingu la elektroni limeenea humo mote, na mawingu mawili hayakubali kuingiliana ovyo. Umekaa kitini na hukizamii kwa sababu hiyo.

Dhana: Kila atomu ina nyutroni.

Ukweli: Nyutroni ni chembe ya kiini isiyo na chaji, na haidrojeni ya kawaida haina hata moja. Jina la elementi huamuliwa na protoni peke yake: kaboni-12 ina nyutroni 6, kaboni-14 ina 8, zote kaboni. Ongeza protoni moja tu kwenye kiini cha kaboni, hapo unayo naitrojeni.