"Wamesoma sana, wakamkana Mungu"

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bei ya dagaa ikishajadiliwa, hakosi mtu wa kueleza kwa nini Wazungu wameacha kanisa. Juzi baada ya misa mzee mmoja alitoa hukumu: "Wamesoma sana, wakamkana Mungu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa na sato wangu mkononi, sikutaka ubishi. Nabishana hapa.

Kumkana Mungu kwanza. Taasisi ya utafiti ya Pew ilikuta mwaka 2023 kwamba asilimia 28 ya watu wazima Marekani hawana dini. Kati yao, wanaojiita wakana Mungu ni asilimia 17 tu. Asilimia 63 walijibu kwamba hawana dini yoyote hasa, basi. Wengi bado wanaamini kuna Mungu au nguvu fulani juu yetu. Walichokiacha ni kanisa.

Usomi nao unasingiziwa. Wakristo wa Marekani wenye shahada hawaendi ibadani mara chache kuliko wasiofika chuo. Na sisi wa Mwanza tungepaswa kulijua hilo: chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe ni cha Kanisa Katoliki lenyewe.

Dhana ngumu kung'oa ni kwamba kila aliyeacha aligombana na padri. Wapo wa hivyo. Kashfa za watoto kudhalilishwa zimewaondoa wengi Ireland na Ujerumani. Ujerumani pia kuna kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo; anayetaka kujitoa huenda ofisi ya serikali, akatia saini. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 520,000 walifanya hivyo.

Lakini hao ndio wanaosikika. Uingereza hakuna wa kumsainia. Sensa ya England na Wales ilihesabu Wakristo asilimia 72 mwaka 2001. Mwaka 2021 walikuwa 46. Bibi alikwenda kila Jumapili, mama akawa wa Krismasi na harusi, mtoto hakupelekwa kabisa. Ukimuuliza huyo mtoto amegombana na nani, atakushangaa.

"Sisi imani yetu ni kubwa kuliko yao." Huenda. Ila hesabu pia kazi ambazo dini inatufanyia. Bugando ni hospitali ya maaskofu. Msiba ukitokea Igoma, jumuiya ndiyo inayokuja na turubai, masufuria na michango. Kwa Waislamu, majirani wa msikitini wanaosha, wanasali na kuzika. Nchi kama Sweden, pensheni, matibabu na matunzo ya wazee vinatoka kwenye kodi na makato ya lazima, na watafiti kadhaa wanaona hofu ya maisha ikipungua, viti vya kanisani navyo hubaki wazi. Marekani, nchi tajiri ambayo watu wake walishikilia ibada kwa muda mrefu, inawasumbua kidogo hao watafiti.

Yule mzee wa Mwaloni, mkewe alipotoka Bugando akiwa hajiwezi, uji wa asubuhi ulipikwa kwa zamu na akina mama wa jumuiya, wiki tatu nzima. Stockholm angekuja mhudumu wa manispaa.