Sensa ya Sauti Haikijui Kigelegele

Kila msimu wa harusi unapoingia hapa Mombasa, wateja wanaoniletea mizinga ya hewa waliyojiundia, ile ya kurusha vikaratasi vya rangi, hunieleza jambo lile lile: kwamba wameifunga sensa ya sauti, na kwa hiyo mzinga utafyatuka wenyewe vigelegele vitakapopigwa bibi harusi akiingia ukumbini. Nimechoka kulisikia, na ndilo nitakalolijibu kwa kirefu.

Sensa hiyo haitambui kigelegele wala ngoma. Ni maikrofoni ndogo iliyounganishwa na chipu ya kulinganisha volti, mara nyingi LM393, ambayo hutazama kitu kimoja tu, yaani kama mawimbi yaliyoingia yamevuka kiwango kilichowekwa. Honi ya tuktuk mlangoni huvuka kiwango hicho, sinia likianguka jikoni huvuka, mluzi wa spika huvuka, na upepo wa bahari ukiipuliza maikrofoni moja kwa moja huvuka pia. Mteja akiambiwa hivyo hukimbilia bisibisi na kuizungusha potenshomita, ile skrubu ndogo ya kurekebishia kiwango, akidhani anaifundisha sensa kuchagua, ilhali anachobadilisha ni kiwango cha ukubwa wa sauti peke yake. Ukubwa huo nao hutegemea umbali: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, hivyo makofi ya mtoto aliyesimama kando ya maikrofoni yanaweza kuizidi ngoma inayopigwa upande wa pili wa ukumbi. Isitoshe, kiwango huwekwa mchana ukumbi ukiwa mtupu, kisha usiku spika za taarabu zinaamka.

Ikiwa ni lazima sauti ifyatue mzinga, acha kusikiliza hewa ya ukumbi. Gundisha kipande cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kwenye ngoma yenyewe, kwa sababu hicho husikia zaidi mtikisiko wa ngoma ile kuliko kelele za watu. Programu inayouendesha mzinga nayo ipuuze ishara zote kwa sekunde kadhaa baada ya mlipuko, maana mzinga husikia kishindo chake wenyewe na kujaribu kufyatuka tena. La tatu ndilo nisilokubali kulijadili: pawe na swichi ya ufunguo inayokata umeme wa valvu yenyewe inayoachia hewa, si ya kuiarifu programu tu, na ishikwe na mtu anayeuona mdomo wa mzinga kwa macho yake. Sauti iombe, mtu aruhusu. Ukishampata mtu huyo, kitufe cha kawaida kingeitosha kazi yote, lakini wateja hawapendi kuambiwa hivyo.

Wengine husema kwamba mzinga huchelewa kwa sababu sauti huenda polepole. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo mita 10 ni takriban sekunde 0.03, uchelewaji unaouona uutafute kwenye valvu au kwenye programu. Wengine huiunganisha valvu ya volti 12 moja kwa moja na pini ya Arduino Uno, ile bodi ndogo inayoendesha programu, ilhali kwenye toleo la R3 kikomo cha juu kabisa cha pini ni miliampia 40. Weka transista katikati, na diodi sambamba na koili ya valvu, la sivyo utanunua Arduino nyingine.

Limebaki bomba la PVC, ambalo wengi hulitumia kama tangi kwa kuwa namba ya shinikizo imeandikwa ubavuni. Namba hiyo ni ya maji, tena kwa joto la takriban nyuzi 20, na uimara hupungua bomba linapopata joto, sembuse likianikwa juani karibu na mabati. Maji hayabanwi sana, kwa hiyo bomba lao likipasuka huvuja. Hewa iliyobanwa hutanuka ghafla na kuirusha PVC vipande vipande vyenye ncha kali. Ninaiunganisha saketi kwenye tangi lililotengenezwa kwa ajili ya hewa, lenye valvu ya usalama inayofanya kazi. Tangi la PVC humrudishia mwenyewe, hewa ikiwa imeshatolewa.